Nilivyowapata wanafunzi waliomo kwenye seti zote mbili

Nilikuwa na mafaili mawili, moja la wanafunzi wa hesabu na jingine la wanafunzi wa fizikia, nami nilitaka waliomo kwote kuwili. Klasi ya Mwanafunzi, yaani kiolezo cha data za mtu mmoja, niliiandika kwa lugha ya programu ya Java: namba ya usajili, jina, barua pepe. Kila mstari wa faili ulizaa obyekti yake, mwanafunzi mmoja kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kila faili likawa seti: hesabu na fizikia.

Lupu ndani ya lupu, yaani kumlinganisha kila mmoja wa huku na kila mmoja wa kule, sikuitaka. Memba 10,000 kila upande wanaweza kudai ulinganisho milioni 100. HashSet, aina ya seti ya Java, haipekui memba mmoja mmoja. Inakokotoa hashi ya memba, namba inayoonyesha amewekwa wapi, na kwenda moja kwa moja kwenye fungu lake, kwa hiyo maswali 10,000 yanatosha.

Kilichonichukulia muda ni swali ambalo hakuna lugha ya programu inayoweza kukujibia: obyekti mbili zinahesabika lini kuwa mwanafunzi mmoja? Usipoiambia, Java inaziona sawa pale tu zinapokuwa obyekti ileile kwenye kumbukumbu. Mwanafunzi yuleyule akisomwa kutoka mafaili mawili anakuwa watu wawili, na makutano ya seti, yaani waliomo kwenye zote mbili, yanatoka matupu bila onyo lolote. Jina halifai, watu huchangia majina. Barua pepe hubadilika. Nikashika namba ya usajili.

Basi equals, inayoamua kama obyekti mbili ni sawa, nikaiandika ilinganishe namba hiyo, na hashCode, inayotoa hashi, ikokotolewe kutokana na namba hiyohiyo. Hizi mbili haziachani: obyekti zilizo sawa lazima zitoe hashi moja, la sivyo seti itamtafuta mtu kwenye fungu ambalo hayumo. Lugha ya Python ni kali zaidi hapo, maana ukifafanua __eq__ (equals yake) ukaiacha __hash__ (hashCode yake), obyekti inakataliwa kabisa kuingia kwenye seti. Ukali huo naupenda kuliko ukimya wa Java. Namba yenyewe niliifanya final, yaani isiyobadilishwa tena, kwa sababu ikibadilika baada ya memba kuingia, HashSet inaweza kumkosa ilhali yumo.

Baada ya hapo mistari miwili ilitosha:

Set<Mwanafunzi> wote = new HashSet<>(fizikia);
wote.retainAll(hesabu);

Mstari wa kwanza unanakili fizikia, wa pili unabakiza tu waliomo pia kwenye hesabu. Nakala ni ya lazima ukitaka kubaki na seti ya awali, kwani retainAll hufuta wengine kwenye seti ileile inayoitiwa. Alama ya & ya Python, inayotoa makutano, hurudisha seti mpya, haina usumbufu huo. Na hesabu nayo iwe seti. Ukiweka orodha ya kawaida, kila swali linaipitia tangu mwanzo, umerudi kwenye lupu mbili.

Nilijaribu kwa obyekti za kubuni: jozi yenye namba moja na barua pepe tofauti ilitoa memba mmoja, jozi yenye jina moja na namba tofauti haikutoa kitu. Kuanza na fizikia kulikuwa kwa makusudi. Wanaobaki ni obyekti za seti iliyonakiliwa, na faili la fizikia ndilo lililokuwa na barua pepe mpya.