Siku moja na Canter yangu: asubuhi miche, mchana magodoro

Saa 11 alfajiri niko nje nafuta kioo cha gari. Mwezi wa tatu Mbeya mvua haikati na baridi ndo hiyo mnayoijua. Mimi ni dereva tu, ila kuna kampuni hapa mjini ikitaka kusaidia jamii inanikodi mimi, kwa hiyo zile picha za watu wamevaa tisheti mpya wanakabidhi vitu, mimi niko nyuma nashusha mzigo.

Saa 12 na nusu, bustani ya miche Uyole. Tunapakia mizambarau, miparachichi na mianzi. Safari iliyopita waliagiza mikaratusi ya kupanda pembeni ya kijito, mzee wa bustani akagoma, akasema huo mti unakunywa maji kama mlevi aliyeamka na hangova, halafu sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni paachwe. Safari hii wamemuuliza kwanza.

Saa 2 tuko shule moja kata ya Itezi, chini ya mlima Kawetere. Hapa huhitaji kumweleza mtoto mmomonyoko ni nini, Aprili 2024 tope lilishuka huo mlima likafukia nyumba za watu. Mwalimu wa klabu ya mazingira kaleta mabeseni mawili yaliyotobolewa upande mmoja, moja udongo mtupu, lingine udongo wenye majani, anainamisha yote anamimina maji. La kwanza linatoa uji wa tope, la pili yanatoka maji karibu masafi. Watoto wakapiga kelele hadi mabosi wakasahau kupiga picha. Ikaja zamu ya maswali, binti wa darasa la tano akauliza, "Mwezi wa saba nani atamwagilia?" Kimya. Maana kiangazi huku kinaanza wa sita hadi wa kumi, na bajeti ya kampuni inaishia siku ya kupanda. Mwalimu anataka simtanki na waya wa kuzuia mbuzi, basi.

Saa 5 safari ya Kyela kwa watu waliokumbwa na mafuriko, magodoro, unga, maharage na mablanketi. Isyonje ukungu, tumevuka mto Kiwira umejaa, maji rangi ya chai ya maziwa, na huku juu milimani unaona mashamba yamelimwa hadi ukingoni kabisa. Tukuyu chai na chapati, nikaanza kushuka, na kila kona navua koti, mara sweta, maana Mbeya tuko juu mita kama 1,700 na Ziwa Nyasa liko chini ya 500. Mto Kiwira nao unakimbilia hukohuko ziwani.

Saa 9 Kyela. Maji yamepungua ila tope bado limo ndani ya nyumba na mpunga umelala. Kamati ya maafa ina orodha, mtendaji anaita majina, watu wanasaini, hapo sina neno, wamejipanga vizuri. Ila hotuba! Jua la Kyela hilo na watu wamesimama. Nikashusha mablanketi, mama mmoja akaniangalia akacheka, "Ndaga mwanangu (ndo asante ya Kinyakyusa), lakini blanketi Kyela? Si tutaiva humu ndani?" Mazito kweli, ya Mbeya. Alichokuwa anataka ni chandarua, maji yakituama mbu hawasubiri, na dawa ya maji kwa sababu visima vimeingiwa na maji ya vyooni. Mtendaji akaongezea mbegu ya mpunga, unga utaisha ila shamba likipandwa tena mtu anasimama mwenyewe.

Saa 12 jioni nageuza gari, nimebeba dada wa idara ya masoko ya kampuni, nikamwambia ukweli. Dada, miche ya asubuhi na magodoro ya mchana nyie mnayaweka mafaili mawili, wakati haya maji ya Kyela yanatoka kule Rungwe tulikopita, kwa nini hatujasimama shule hata moja ya huko? Akaandika kwenye simu. Akaniuliza na mambo ya vyandarua, nikamwambia usiniulize mimi, una namba ya mtendaji, mpigie kabla hamjanunua.

Saa 4 usiku nimefika home, gari imejaa tope hadi kwenye siti. Meseji yake imeingia: vyandarua na simtanki vinawezekana, mbegu ya mpunga mpaka Dar waamue. Haya.