Salamu Isiyoitikiwa, Fenway Park

Red Sox, timu ya besiboli ya Boston, nilianza kuwachukia kabla hata sijawaona wakicheza. Chuki yenyewe nilirithishwa na mwenye nyumba wangu, mzee wa Kimarekani mweusi, mpagazi wa mizigo pale South Station, Boston, aliyenipangisha chumba cha juu nyumbani kwake Roxbury. Ilikuwa Septemba 1960. Nilikuwa na miaka 21, mtoto wa Majengo, Mombasa, nimeletwa na zile ndege za wanafunzi alizozihangaikia Tom Mboya.

Watu wakizitaja ndege zile humtaja Kennedy, na ni haki, kwani mwaka ule wakfu wa familia yake ulitoa dola 100,000. Lakini barua ya kuchangisha pesa ya 1959 ilikuwa na saini za Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson. Huyo wa tatu sikumjua. Kwetu mchezo wa gongo ulikuwa kriketi, nao tuliuchungulia kwa mbali tu. Mzee alipotambua kwamba nimeletwa Marekani kwa msaada wa mtu nisiyemjua, aliisukuma kando sahani yake ya chakula akaniambia nikae.

Akanisimulia Aprili 1945. Robinson, Sam Jethroe na Marvin Williams waliitwa kujaribiwa hapo hapo Boston, uwanja wa Fenway Park. Wakapiga mipira, wakakimbia, wakaambiwa wangoje habari. Habari haikuja. Mwaka 1947 Robinson akaanza kuwachezea Brooklyn Dodgers, mweusi wa kwanza wa zama zile katika ligi kuu, na 1950 Jethroe akawa mchezaji bora chipukizi wa ligi yake akiwa na timu ya pili ya Boston, Braves. Mzee akawa mtu wa Braves damu damu, mpaka 1953 timu ilipofungasha virago kwenda Milwaukee na kumwacha mkiwa. Red Sox walingoja hadi Julai 1959 ndipo wakamchezesha Pumpsie Green, wakiwa wa mwisho katika timu zote 16 kumpanga mchezaji mweusi.

Kwa hiyo nilishangaa Jumatano ya tarehe 28 aliponigongea mlango akaniambia nivae koti, tunakwenda Fenway.

"Kwa hao hao, Mzee?"

"Timu yao si yangu. Lakini Ted Williams, mpigaji wao mkubwa, anaacha mpira, naye lazima nimuage."

Siku yenyewe ilikuwa mbaya. Mbingu zimeinama, manyunyu yanakuja yakikatika, na baridi ambayo mimi wa pwani niliiona ya kuua ingawa wenyeji walisema bado. Tulikuwa watu 10,454, kwa hesabu iliyotangazwa, na uwanja ulikuwa na viti vitupu kuliko watu. Red Sox walikuwa wa saba katika ligi ya timu nane. Asingekuwa Williams, nadhani wangejichezea wenyewe. Mzee alinunua njugu, zile zenye maganda, na nilimwona mtu mzima mwenye heshima zake akimenya na kutupa maganda chini ya miguu yake bila wasiwasi. Nikamwiga. Mpaka tunaondoka viatu vyangu vilikuwa vinakanyaga rundo.

Kabla ya mchezo walimfanyia Williams sherehe. Meya alikuwepo, ikatolewa hundi kwa ajili ya mfuko wa watoto wenye saratani, ambao Williams aliutumikia miaka mingi, ikatangazwa kwamba jezi namba 9 haitavaliwa tena. Yeye akashika kipaza sauti, na kabla ya kushukuru akawapiga kijembe waandishi wa habari waliokuwa wamekaa juu. Mzee alicheka hadi akakohoa.

"Ana miaka 42 na bado hajawasamehe," alisema.

Tukingoja zamu zake, Mzee alinipa somo la tarehe. Siku kama ile, 28 Septemba 1941, msimu ukiisha Philadelphia, Williams aliamka na wastani wa vipigo wa .39955, yaani karibu vinne katika kila mara kumi, ambao vitabuni ungeandikwa .400. Meneja wake alimpa nafasi ya kupumzika asiuharibu. Akakataa, akacheza michezo yote miwili ya siku hiyo, akapata vipigo 6 katika mara 8, akamaliza na .406. Tangu hapo hakuna aliyefika .400.

"Kwenye vitabu vyao," Mzee akamalizia. "Josh Gibson, mpigaji wa ligi za weusi, hawajamhesabu." Walimhesabu 2024, rekodi za ligi za weusi zilipoingizwa rasmi: .466 ya mwaka 1943.

Zamu ya kwanza Williams alipewa njia bure, mrushaji alipomrushia mipira minne mibaya. Ya pili mpira ukadakwa. Ya tatu aliupiga mbali sana upande wa kulia, watu wakasimama, nao ukadakwa ukutani. Taa zikawashwa ingawa ilikuwa bado mchana, kwa giza la mawingu. Nilifikiri basi, imekwisha, tutarudi na baridi yetu.

Duru ya nane kati ya tisa akatoka tena. Mrushaji wa Baltimore Orioles alikuwa Jack Fisher, kijana wa rika langu. Mpira wa kwanza ulikwenda nje. Wa pili Williams akautupia gongo kwa nguvu zote akaukosa, na uwanja mzima ukaguna. Wa tatu sikuuona ukija, nilisikia mlio tu, mkavu, halafu nikaona mchezaji wa katikati anarudi nyuma, anarudi, anasimama. Mpira ukaangukia ng'ambo ya uzio, kule warushaji wanakopashia misuli. Hom rani, yaani kipigo kinachovuka uzio, ya 521, ya mwisho maishani mwake. (Fisher huyo huyo, mwaka uliofuata, ndiye aliyepigwa hom rani ya 60 ya msimu na Roger Maris wa Yankees. Kuna watu wana nyota hiyo.)

Williams alizunguka vituo mbio, kichwa chini, kama anayekimbia mvua, akaingia kibandani. Tukapiga makofi, tukapiga kelele, tukamwita kwa jina. Dakika zikapita. Angetoka hatua mbili tu, akainua kofia, ingetosha. Hakutoka.

Mimi nilikasirika, na sioni haya kusema. Nimelelewa nikijua kwamba kutoa salamu ni sunna, kuitikia ni faradhi. Watu elfu kumi wanakusalimu, unawanyamazia? Nikamwambia Mzee huyu mtu ana kiburi.

"Anacho," alijibu. "Lakini walimzomea alipokuwa kijana wa umri wako, akaapa hatawainulia kofia. Ungekuwa wewe ungeitikia?"

"Ningeitikia."

"Wewe hujazomewa bado. Kaa hapa Boston kidogo."

Duru ya tisa meneja alimpeleka Williams uwanjani, kisha papo hapo akamtuma Carroll Hardy kumpokea, ili watu wapate kumwona akirudi. Alirudi mbio. Kofia kichwani. Red Sox wakashinda 5 kwa 4. Michezo mitatu ya New York iliyobaki hakwenda kuicheza.

Kofia aliivua Mei 1991, hapo hapo Fenway. Hilo lilinipendeza, lakini langu ni la 1966, alipoingizwa kwenye Jumba la Mashuhuri wa besiboli. Alitumia hotuba yake kuomba kwamba siku moja Satchel Paige, mrushaji wa ligi za weusi, na Josh Gibson nao waingizwe, kwa kuwa walinyimwa tu nafasi. Hakuna aliyemshurutisha kuyasema yale. Wakati huo nilikuwa nimesharudi nyumbani, na Mzee alinitumia kipande cha gazeti ndani ya barua iliyojaa malalamiko ya paa linalovuja.

Siku ile, kwenye treni, tuliendelea kubishana hadi tukabadilisha Park Street, kisha Mzee akachoka na Williams wangu. Wiki ijayo, alisema, ni fainali ya Pirates wa Pittsburgh na Yankees wa New York, nitasikiliza naye redio nipende nisipende, maana Pittsburgh wana Mpuertoriko mmoja uwanja wa kulia, Roberto Clemente, mwenye mkono wa bunduki. Mpaka tunashuka Dudley nilikuwa nimeshajazwa habari za Clemente kichwa tele, na bado sijaelewa kwa nini mrushaji akisitasita kabla ya kurusha anaadhibiwa. Mzee alieleza mara mbili, kwa mikono, barabarani, watu wakitupisha.