Hema la Nuhu na Nyumba ya Daudi

Masomo ya wiki: Mwanzo 9:20-27, 2 Samweli 11:1 hadi 12:14, Yohana 8:1-11

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii tuangalie jambo ambalo limeshaingia mpaka kwenye magrupu ya jumuiya na ya kwaya: ubuyu wa vyumbani mwa viongozi. Huwa unakuja hivi. Saa kumi na moja alfajiri, mtu hajasali bado, simu inaita. Ni kipande cha video cha nusu dakika, giza giza, sura haionekani vizuri. Juu yake kuna mishale miwili, na chini mtu ameandika, "Mheshimiwa huyu hapa, angalieni kabla haijafutwa." Ikifika saa mbili, abiria wa mwendokasi kutoka Kimara wanaonyeshana simu. Mchana kijiweni kila mtu ana la kuongezea: hoteli ipi, binti wa nani, gari liliegeshwa wapi. Jioni kwenye jumuiya, kabla ya wimbo wa kwanza, yupo anayenong'ona, "Mmeiona?"

Biblia haikuficha aibu za wakubwa. Lakini imetupeleka kwenye vyumba viwili tofauti, na haikututaka tuviingie kwa namna moja.

Chumba cha kwanza ni hema la Nuhu. Alilima mizabibu, akanywa divai, akalewa, akalala uchi ndani ya hema yake. Mwanawe Hamu akamwona, akatoka nje kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wakatwaa nguo, wakaiweka mabegani, wakaingia kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Tusipite haraka hapa: Hamu hakusema uongo. Nuhu alikuwa amelewa kweli na alikuwa uchi kweli. Kwa hiyo ule utetezi wetu wa kila siku, "lakini si ni kweli?", Hamu naye alikuwa nao, na haukumsaidia. Kosa lake lilikuwa kuitoa nje ya hema habari iliyokuwa ndani ya hema, kwa watu ambao hawakuwa na la kufanya nayo isipokuwa kuijua. Hata Katiba yetu, katika ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake. Haikuandika "kila mtu isipokuwa mbunge".

Chumba cha pili ni nyumba ya mfalme Daudi. Hapo Maandiko hayakufunika kitu. Tumepewa wakati, yaani majira ambayo wafalme hutoka kwenda vitani. Tumepewa dari alikosimama mfalme, jina la mwanamke, jina la mumewe, mpaka habari za barua aliyopelekewa Yoabu, mkuu wa jeshi. Kwa nini huku wazi namna hii, na kule kwa Nuhu nguo ikaletwa? Soma polepole uone vitu vilivyotumika. Wajumbe waliotumwa kumchukua Bathsheba walikuwa wajumbe wa mfalme. Uria, mumewe Bathsheba, aliitwa kutoka vita vya Raba kwa amri ya mfalme. Aliuawa kwa kupangwa mstari wa mbele penye vita vikali, na barua ya kifo chake aliibeba mwenyewe mkononi. Askari wengine nao wakafa pamoja naye. Mfalme alikuwa ametumia cheo, watumishi na jeshi kupata alichokitaka, kisha akavitumia tena kuficha. Wanaoisoma habari ile kama kisa cha mwanamke aliyekuwa akioga wanamsamehe Daudi lile lililokuwa kubwa zaidi.

Kwa hiyo habari ya kiongozi ikitufikia, tuanze kuuliza tuko chumba gani. Je, alitumia cheo kumpata huyo mtu? Je, mwenzake ni mtu aliye chini ya mamlaka yake: mwanafunzi, katibu wa ofisi, mwombaji wa kazi, anayetafuta jina lake lipitishwe kwenye chama? Je, ana umri chini ya miaka 18? Je, fedha za umma zimelipia? Je, amedanganya mahali alipowajibika kusema kweli? Likipatikana jibu la "ndiyo" hata moja, tuko nyumbani kwa Daudi, na kunyamaza ni dhambi nyingine. Yakikosekana yote, tuko mlangoni pa hema la Nuhu. Zinaa inabaki kuwa zinaa, hatuifanyi kitu kidogo. Ila wenye haki ya kuishughulikia ni mwenzi wake wa ndoa, mchungaji au padri wake, na yeye mwenyewe mbele za Mungu.

Uingereza mwaka 1963 waliona jinsi vyumba hivi viwili vinavyochanganywa. John Profumo, waziri wa vita, alikuwa amehusiana na binti aitwaye Christine Keeler, na binti huyo alihusishwa pia na ofisa wa kijeshi wa ubalozi wa Urusi ya Kisovieti. Mwezi Machi Profumo alisimama Bungeni akakana. Mwezi Juni akakiri kwamba alilidanganya Bunge, akajiuzulu. Jambo la taifa lilikuwa siri za ulinzi na uongo ndani ya Bunge. Lakini kilichonunuliwa zaidi ni picha za binti. Baadaye Profumo alijitolea miaka mingi kuhudumia maskini wa mashariki ya London, na mwaka 1975 akapewa nishani. Keeler alikuwa na miaka 19 habari ile ilipoanza. Alihukumiwa kifungo cha miezi 9 kwa kusema uongo mahakamani katika kesi nyingine, na jina lile likamfuata mpaka alipofariki mwaka 2017. Marekani nako, Rais Bill Clinton, aliyeshitakiwa kwa uongo kuhusu uhusiano wake na Monica Lewinsky, aliachiwa na Seneti Februari 1999 akamaliza muhula wake, lakini binti huyo, aliyekuwa na miaka 22 na akifanya kazi kwa kujitolea Ikulu yao habari ilipoanza, aligeuzwa mzaha wa dunia nzima.

Ndiyo maana Yohana 8 imewekwa kwenye masomo ya wiki hii. Walimleta mwanamke, wakasema amefumaniwa katika zinaa. Sheria ya Musa, Mambo ya Walawi 20:10, iliwataja wote wawili, mzinzi mwanamume na mzinzi mwanamke. Mwanamume yuko wapi? Fumanizi la mtu mmoja halipo. Kila video inapozunguka hapa mjini, fuatilia siku ya tatu ni nani bado anatajwa. Mheshimiwa ana wanasheria, ana chama, ana dereva wa kumtoa mlango wa nyuma. Binti anaacha kazi, anahama Sinza kwenda kwa shangazi mkoani, na watu wa huko nao wana simu.

Sasa tuje kwenye simu, maana huko ndiko tunakoanguka.

Kwanza, zima upakuaji wa moja kwa moja. Kwenye WhatsApp ingia Mipangilio, kisha sehemu ya hifadhi na data, utoe alama kwenye picha, sauti na video, kwa bando na kwa Wi-Fi pia. Usipofanya hivyo, video inajishusha yenyewe na kukaa kwenye picha zako, na mtoto aliyepewa simu achezee gemu anaikuta kabla yako. Pili, jua maana ya ile mishale. Mshale mmoja ni ujumbe uliotumwa kutoka kwingine. Miwili ni ujumbe uliokwisha kupita mikono mitano au zaidi. Tangu mwaka 2020 ujumbe wa mishale miwili unaweza kutumwa kwa mtu mmoja au grupu moja tu kwa wakati mmoja. Maana yake aliyeupeleka kwenye magrupu kumi hakuteleza kidole. Aliamua mara kumi.

Viongozi wa magrupu, hapa ndipo mambo huharibika zaidi. Admini anaiona video, anakasirika, anaandika mbele ya watu wote: "Nani ametuma uchafu huu?" Papo hapo waliokuwa hawajaiona wanaanza kuulizana, na dakika chache baadaye imetumwa inboksi kwa nusu ya kwaya. Fanya kinyume. Bonyeza ujumbe, ushikilie, chagua kufuta kwa wote. Admini ana uwezo huo hata kama hakuutuma yeye. Usiandike lolote kwenye grupu. Kisha mpigie simu aliyetuma, wewe na yeye peke yenu kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, umwombe aifute na kwenye simu yake. Wale ambao simu zao zilikuwa zimeshaishusha, nakala inaweza kuwa imebaki, na hao nao wahitaji kuambiwa mmoja mmoja.

Wapo wanaosema, "Mimi sikurekodi, nimefowadi tu." Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haitofautishi hivyo, kusambaza nako ni kuchapisha. Kifungu cha 14 kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote pamoja, kwa anayesambaza picha za ngono. Habari ikiwa ya uongo kuna kifungu cha 16 nacho. Na uongo siku hizi ni rahisi kutengenezwa: mazungumzo ya WhatsApp yanabuniwa kwa programu na kupigwa picha ya skrini, sauti na sura ya mtu vinaigwa kwa akili mnemba, video ya zamani ya nchi nyingine inapewa jina la mbunge wetu wakati wa kampeni. Paulo alimwambia Timotheo asikubali mashitaka juu ya mzee ila kwa mashahidi wawili au watatu. Video ileile kuonekana kwenye magrupu kumi si mashahidi kumi. Bado ni shahidi mmoja, na mara nyingi hana jina.

Lakini dhambi ya nyumba ya Daudi ipo, ipo maofisini na vyuoni hapa Dar es Salaam, na waliomo kwenye jumuiya zetu wanaijua. Rushwa ya ngono imetajwa waziwazi katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007: mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo, haki au upendeleo mwingine. Binti au kijana akikujia na habari hiyo, msikilize mpaka mwisho bila kumuuliza alikuwa amevaa nini. Mwambie asifute ujumbe hata mmoja, hata ule wa kumtukana. Simu yenyewe iliyopokea ina nguvu kuliko picha ya skrini iliyotumwa kwa rafiki. Aandike siku, saa, mahali na maneno yaliyosemwa, akiwa bado anayakumbuka. Asiende gesti peke yake akidhani anamtega mkubwa. Kutega ni kazi ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na wao hupigiwa bure kwa namba 113. Kama amekwisha kuingiliwa kwa nguvu, aende polisi Dawati la Jinsia na Watoto na hospitali siku hiyohiyo, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72.

Asianze kwa kuweka mtandaoni. Tunaelewa uchungu unaosukuma mtu kufanya hivyo, hasa akiona milango imefungwa. Lakini mtuhumiwa akishaona posti, anabadilisha simu, anawapanga mashahidi, na mlalamikaji anabaki yeye ndiye anayejibu maswali. Nendeni naye wawili, watatu, mama wa jumuiya awepo.

Mtu atauliza: je, Yohana Mbatizaji hakumkemea Herode kwa habari za ndoa yake? Alimkemea. Herode alimchukua Herodia, mke wa ndugu yake, akaishi naye kama malkia, nchi nzima ikijua. Hapakuwa na pazia lililochunguliwa. Na Marko 6:18 inaonyesha Yohana alimwambia Herode mwenyewe: si halali kwako. Alisema kwa jina lake, akafungwa, akakatwa kichwa. Nabii Nathani naye aliingia kwa Daudi kwa miguu yake kumkemea. Hakuna nabii aliyewahi kukemea kwa akaunti isiyo na jina, akihesabu wangapi wamependa.

Mithali 18:8 inasema maneno ya mchongezi ni kama vitu vitamu vya kuliwa, na tukiri utamu huo unatokana pia na unyonge. Bajeti ya wizara hatuifikii, lakini kumcheka waziri aliyefumaniwa kila mtu anaweza, na kwa siku moja anaonekana mdogo kama sisi. Wakati huohuo viongozi wa umma wanatakiwa kisheria kutoa tamko la mali na madeni kila ifikapo tarehe 31 Desemba, na ni nadra kusikia kijiwe kikijadili hilo. Azimio la Arusha la 1967 lilipoweka masharti ya viongozi lilianzia mfukoni: mishahara miwili, hisa, nyumba za kupangisha. Wazee wale walijua mwananchi anaibiwa wapi.

Jumatano kila jumuiya isome 2 Samweli 12 yote. Kiongozi wa somo asikatishe mstari wa 13, pale Daudi anapotubu na kusamehewa, kama inavyozoeleka. Asome na yaliyofuata nyumbani mwake. Katika maombi, 1 Timotheo 2:1-2 inatutaka tuwaombee wenye mamlaka. Tuwataje pia wenzi wao wa ndoa na watoto wao, ambao Jumatatu wanaingia darasani na watoto wetu, na tuwaulize watoto wetu nyumbani wanawaambia nini wenzao hao.