Nilivyoacha kusubiri mvua "ikolee" ndipo nipande ngano

"Usikimbilie kupanda, acha kwanza mvua ikolee." Niliambiwa hivyo na wazee watatu, nami nikatii kama mtoto mwema. Ikakolea kweli. Nikapanda wiki tatu baada ya majirani.

Shamba likawa kijani, nikaanza kujisifu. Kumbe shina langu lilikuwa na chipukizi moja, la jirani manne. Masuke yalipotoka mvua ikakata, jua likawaka punje zikiwa bado maziwa. Nilifikicha suke kiganjani, nikapuliza: makapi yakaruka, na nusu ya punje zikaruka nayo. Zilizobaki zilikuwa nyembamba, zimejikunja. Kutu nayo, ugonjwa wa ukungu wa ngano, ilikuwa imeshapanda; nilitoka shambani suruali ina vumbi rangi ya tofali hadi magotini.

Msimu uliofuata nilikuwa na hasira, na hasira si mshauri wa mkulima. Nikapanda udongo ukiwa mkavu kabisa. Kikanyesha kimvua cha siku moja, ngano ikaota, kisha siku kumi na mbili bila tone. Ikanyauka yote. Mbegu na mafuta ya trekta nikalipia mara mbili. Hesabu kamili sikutaka kuijua.

Mwaka wa tatu niligeuza kalenda. Wote tulikuwa tunahesabu kuanzia mvua inapoanza, mimi nikaanzia inapokatika, nikahesabu kurudi nyuma. Mbegu yangu hukomaa kwa siku kama 120 na huchanua karibu na ya 70. Nilitaka punje zijae udongo ungali na unyevu na joto halijapanda, halafu nivune kukavu. Kuwahi kupita kiasi nako kuna adhabu yake: ngano ikikomaa mvua zingali zinapiga, punje huota zikiwa ndani ya suke.

Siku ya kupanda niliipata kwa panga. Chimba urefu wa kiganja, finyanga udongo wa chini kabisa. Ukishikamana, panda. Ukimwagika kama mchanga, rudi nyumbani hata kama juu kumelowa.

Lakini sikujiamini, nikagawa shamba vipande vitatu, kila kimoja siku kumi baada ya kingine. Cha mwisho nilizidisha mbegu, maana ngano iliyochelewa haichipui sana. Haikusaidia vya kutosha. Baada ya kuvuna nilikaa mezani nikihesabu punje elfu moja za kila kipande, mke wangu akinitazama kama mtu aliyepagawa. Nikikatizwa kwa salamu naanza upya. Za kwanza zilikuwa gramu 41, za katikati 38, za mwisho 29. Ardhi ile ile, mbolea ile ile!

Wiki iliyopita mmoja wa wale wazee alisimama kando ya shamba, akatikisa kichwa na kusema, "Unaona sasa? Tulikwambia ngano haitaki kuchelewa."