Jioni mbili, filamu mbili

Wiki iliyopita tulitazama nyumbani The Lion King ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Jon Favreau, nami nilikuwa nimeisubiri kwa hamu kwa sababu ile ya katuni ya mwaka 1994 ilinilea. Manyoya, vumbi na mwanga wa mbuga vimetengenezwa kwa kompyuta kwa ustadi wa kustaajabisha, lakini Simba anapomlilia baba yake uso wake haubadiliki, kwa kuwa simba halisi hana uso wa kulia, na huzuni yote ikabaki katika sauti peke yake.

Jioni iliyofuata tuliweka Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina, ambayo haifikii hata dakika 80. Jo, msichana wa miaka 9 anayeugua ugonjwa usiotibika, anaota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Dada yake Mwix anamshawishi kwamba nguvu hizo anazo kweli, na hatimaye kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu yake. Stycie Waweru anamwigiza Jo kwa utulivu ambao sijauona kwa waigizaji wengi wazima. Kilichonigusa zaidi, hata hivyo, ni mama, anayetaka kumlinda mwanawe ndani ya nyumba ilhali siku zake zinahesabika, na ambaye sikuweza kumlaumu hata mara moja. Filamu ilipokwisha, mama yangu aliomba tusiwashe taa kwanza.