Sekunde 42

Desemba ile tuliitwa kusahihisha mitihani ya kidato cha nne. Tukalazwa kwenye mabweni ya shule moja ya wasichana mkoani Morogoro, vitanda vya deka, chumba kizima walimu wa Baiolojia. Mwanzoni nilirushiwa kandambili usiku na kutaniwa wakati wa chai. Kukoroma ni jambo la kuchekesha, hasa anayekoroma akiwa mnene kidogo kama mimi. Kisha asubuhi moja nikakuta wenzangu wamekaa kimya, na mkubwa wetu, mzee mmoja kutoka Lindi, akaniita pembeni.

"Mwalimu, kelele zako tumeshazizoea. Tunachokosea usingizi ni ukinyamaza."

Akanipa simu yake nijitazame. Nimelala chali, kinywa wazi, nakoroma kwa bidii zote. Ghafla mkoromo ukakatika. Tumbo liliendelea kupanda na kushuka, kifua kikavutwa ndani, lakini hewa haikusikika ikiingia wala kutoka. Kando ya kitanda sauti ya mtu ilikuwa inahesabu. Ilipofika 42 nikashtuka kama niliyekabwa, nikavuta pumzi kubwa, nikageukia ukutani na kuanza upya. Sikuwa na kumbukumbu yoyote ya tukio hilo.

Walimu wa Baiolojia hawana adabu mbele ya jambo la Baiolojia. Chai ilipoa huku wakinijadili kama nilikuwa sipo. Misuli ya mbavu inavuta na dayaframu inafanya kazi, kwa hiyo ubongo unatuma amri, alisema mmoja; basi kizuizi kiko juu, kooni. Na ndivyo ilivyo. Usingizi ukizama, misuli ya koo hulegea, ulimi na nyama laini za nyuma ya kaakaa hurudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Oksijeni ikishuka, ubongo humgutusha mtu kidogo tu, koo likafunguka, akaendelea kulala bila habari. Usiku mzima hivyo hivyo.

Nyumbani dalili zilikuwepo, ila kila moja ilikuwa na maelezo yake. Kichwa kuuma asubuhi: malaria, au miwani. Kinywa kukauka: joto. Kuamka kukojoa kila mara: nilipimwa sukari, haipo; nikapimwa tezi dume, salama. Presha iliongezewa dawa juu ya dawa na haikushuka, na hakuna kliniki iliyowahi kuniuliza ninalalaje. Mke wangu alikuwa na dawa yake, kiwiko cha mbavu. Mama mkwe alipokuja kututembelea akasikia nikikabwa usiku, alisema ni jinamizi, akafukiza ubani chumba kizima. Simcheki. Angalau yeye aliona kuna kitu kinanikaba.

Usahihishaji ulipokwisha nikaenda Dar es Salaam kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo, na ile video mkononi. Aliitazama mara mbili. Akanichungulia kooni, akanizungushia shingo futi ya fundi cherehani: sentimita 44. Kisha maswali manane. Je, husinzia ukisoma? Ukitazama televisheni? Ukiwa umekaa unaongea na mtu? La mwisho lilihusu gari lililosimama kwenye foleni kwa dakika chache. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na zikizidi 10 kwa jumla, usingizi wa mchana umepita kiasi. Nilipata 17.

"Unaendesha gari?"

"Pikipiki, dokta. Shule iko mbali."

Akaweka futi mezani. Pikipiki akaipiga marufuku kabla hata ya kipimo.

Kipimo chenyewe nilikifanyia nyumbani kwa kaka yangu Ukonga: mkanda kifuani wenye kisanduku kidogo, mpira mwembamba puani, na kibanio cha taa nyekundu kidoleni. Watoto wa kaka walikataa kwenda kulala, wakitaka kuona nikiwashwa. Niliamini sitapata usingizi na vitu vyote vile. Nililala fofofo.

Majibu: pumzi ilikatika au kupungua mara 41 kwa saa. Kuanzia 30 huhesabiwa kuwa hali kali. Oksijeni iliwahi kushuka hadi asilimia 71. Hata kukojoa kulipata maelezo: kifua kikivuta hewa koo likiwa limezibwa, moyo hutanuka, nao hutoa homoni inayoziamuru figo kumwaga maji na chumvi. Presha nayo inapandishwa na kule kugutuka kila mara. Nilijisikia nafuu ya ajabu, maana magonjwa yangu manne yalikuwa yamekuwa mmoja.

Tiba ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisifunge. Bei yake haifanani na mshahara wa mwalimu, kwa hiyo nikaenda kwenye SACCOS yetu kuomba mkopo. Kwenye fomu, sababu niliandika "dharura". Karani akataka ushahidi, nikampa karatasi ya majibu. Akaisoma muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Mume wangu naye anakoroma," akasema.

Nikamuuliza kama kuna wakati ananyamaza katikati.

"Sijui, Mwalimu. Akinyamaza ndiyo na mimi napata usingizi."