Chaki ubavuni mwa tairi
Jumapili nilishiriki kwa mara ya kwanza mbio za kupita katikati ya koni, hapa Malindi, kwa gari lile lile ninalopelekea watoto shule. Matairi ya mbele niliyajaza upepo pauni 32, fundi akayachora chaki begani, pale uso wa tairi unapokutana na ubavu. Baada ya mzunguko mmoja ilikuwa imefutika hadi kwenye maandishi ya ubavuni, ishara kwamba tairi lilikuwa likilalia ubavu kila kona. Tukaongeza hadi 38. Pua bado ilikataa kukata kona, na kwa kuwa gari huvutwa na magurudumu ya mbele, tuliongeza upepo wa nyuma pia ili matairi hayo yapunguze kushika barabara; mkia ukalegea kidogo, gari likageuka kwa utiifu. Koni mbili niliziangusha. Moja niliiburuta chini ya bampa hadi mwisho.